Mazingira Tengwa: Kila Mradi na Toleo Lake

Mtu akiiamuru Python 2 igawanye 7 kwa 2, hupewa 3. Python 3, kwa amri ileile, humpa 3.5. Hakuna onyo wala maandishi mekundu. Programu ya mishahara iliyotegemea jibu la kwanza itaendelea kukokotoa, ila hesabu zitakuwa nyingine. Python 3 ilitoka Desemba 2008, na Python 2 ikaacha rasmi kuhudumiwa tarehe 1 Januari 2020. Kwa miaka 11 hivi waandaaji programu walilazimika kuishi na zote mbili, mara nyingi ndani ya kompyuta moja.

Python 2 na Python 3 ni matoleo mawili ya lugha moja ya programu, na neno toleo halina ubishi. Limetoka kwenye vitabu na magazeti likahamia kwenye programu na maana yake ileile: jipya likitoka, la zamani halifutiki, na wapo wanaolihitaji bado.

Ubishi upo kwenye istilahi ya pili, ile ambayo kwa Kiingereza huitwa virtual environment. Wanaofuata mfano wa barua pepe husema mazingira pepe. Sawa, pepe inaifaa barua isiyo na karatasi wala bahasha. Lakini mazingira ya Python ni folda, kwa desturi huitwa .venv, iliyokaa ndani ya mradi. Inafunguka, inapimika ukubwa, inafutika na kuundwa upya. Ndani yake mna maktaba za mradi huo peke yake, pamoja na faili dogo, pyvenv.cfg, linaloonyesha ni Python ipi iliyoiunda. Kazi ya folda hii ni kutenga, ili maktaba za mradi mmoja zisigombane na za mwingine. Mazingira tengwa, basi, ni istilahi bora zaidi.

Tena inazuia dhana potofu. Si ajabu kumkuta mwanafunzi anayeamini kwamba amri ya python -m venv .venv humletea Python mpya. Haileti. Ikitolewa kwa Python 3.9, mazingira yatakuwa ya 3.9, basi. Kuleta matoleo mengine ni kazi ya msimamizi wa matoleo kama pyenv, ambaye huyaweka kadhaa kandokando na kusoma faili la .python-version ili ajue mradi huu unadai lipi. Wa JavaScript wana nvm na faili lake la .nvmrc, wa Ruby wana rbenv.

Baada ya hapo ndipo kihariri msimbo kinapoingia. VS Code, ikiwa na kiendelezi cha Python, huorodhesha Python ilizozikuta kwenye kompyuta, zikiwemo za mazingira tengwa, kisha humwachia mtumiaji achague mkalimani (interpreter), yaani Python itakayoendesha msimbo wake. Neno hili limekaa pazuri: mfasiri hushughulika na maandishi yaliyokamilika, mkalimani hufanya kazi papo hapo msemaji akiendelea. Toleo lililochaguliwa huonekana kwenye mstari wa chini wa dirisha.

Hata hivyo, terminali iliyofunguliwa kabla ya uchaguzi huo inaweza kubaki na Python ya awali. Hapo kihariri husema maktaba ipo, terminali nayo husisitiza haipo, na mtu huisakinisha mara tatu bila mafanikio. Kabla ya kusakinisha chochote, aandike which python, au where.exe python kwenye Windows, aone ni Python ipi inayomjibu.