Andrew Hill: Mpiga piano aliyeacha uprofesa uzeeni na kuanza upya

Kwenye umri wa miaka 65 wahadhiri wengi wanapiga hesabu za kiinua mgongo. Andrew Hill, mpiga piano na mtunzi wa jazz wa Marekani, alienda kinyume. Mwaka 1996 aliacha kufundisha Chuo Kikuu cha Portland State, akarudi upande wa New York kutafuta vijana wa kupiga nao muziki.

Tuelewane kwanza kuhusu jazz yenyewe. Hii si ile ya Morogoro Jazz au Western Jazz, bendi ambazo licha ya majina yao zilipiga muziki wa dansi. Na hata kwa wapenzi wa jazz ya Marekani, Hill hakuwa mwepesi. Mdundo wake unahama pale pale unapodhani umeushika. Wapigaji wake walihitaji muda wa kuzoeana naye, si watu wa kuokoteza jioni ya onyesho.

Alitokea wapi?

Alizaliwa Chicago, Juni 30, 1931. Ukikuta mahali pameandikwa alizaliwa Haiti mwaka 1937, puuza. Habari hiyo ilizunguka kwa miaka mingi na si kweli.

Kati ya Novemba 1963 na Juni 1964 alirekodi albamu tano kwa kampuni ya Blue Note. Miezi minane, albamu tano, si mchezo! Inayotajwa zaidi ni Point of Departure, ambayo ndani yake yumo mpulizaji Eric Dolphy, aliyefariki miezi mitatu tu baada ya kuirekodi.

Wakosoaji walimsifu, ila sokoni mambo hayakuwa hivyo. Kazi zake kadhaa za miaka hiyo zilirekodiwa zikawekwa kabatini.

Ndipo ualimu ukachukua nafasi. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 alikuwa mtunzi mkaazi katika Chuo Kikuu cha Colgate, kisha akafundisha shuleni na magerezani huko California. Portland State ilimpa uprofesa mshiriki, na hapo alianzisha mafunzo ya jazz ya majira ya kiangazi. Hakuacha kurekodi, lakini Portland iko karibu kilomita 4,000 kutoka New York, mji ambako jazz ya aina yake ilikuwa na wapigaji na kumbi.

Bendi mpya

Mwaka 1998 alipanda jukwaani New York na kundi la watu sita, akalipa jina la albamu ile ile ya 1964, Point of Departure. Jina la zamani, ila nyimbo zilikuwa mpya. Mwaka 2000 zikatoka kwenye albamu ya Dusk, na majarida makubwa ya jazz, DownBeat na JazzTimes, yakaiweka juu ya zote mwaka uliofuata.

Januari 2002 akaingia klabu ya Birdland na bendi kubwa, wakarekodi A Beautiful Day mbele ya watazamaji. Mwaka 2003 Denmark ikampa tuzo ya Jazzpar.

Mwaka huo huo kabati likafunguliwa. Passing Ships, aliyoirekodi mwaka 1969, ikatoka baada ya miaka 34. Waliomfahamu kama mzee wa Dusk wakamsikia akiwa na miaka 38. Kumbe kazi ilikuwepo siku zote!

Darasa nalo halikumwacha kabisa. Jason Moran, leo mmoja wa wapiga piano wakubwa wa jazz Marekani, alijifunza kwake. Mpiga gitaa Nels Cline alitoa albamu nzima ya tungo za Hill mwaka 2006.

Ugonjwa

Mwaka 2004 aligundulika kuwa na saratani ya mapafu. Aliendelea kupiga. Blue Note ikamchukua kwa mara ya tatu maishani mwake, na Februari 2006 ikatoka Time Lines, albamu tulivu kuliko zile za ujanani, isiyo na haraka ya kumthibitishia mtu chochote.

Machi 29, 2007 alipiga kwenye kanisa la Trinity, New York. Lilikuwa onyesho lake la mwisho. Aprili 20 alifariki nyumbani kwake Jersey City, akiwa na miaka 75. Mwezi uliofuata chuo cha muziki cha Berklee kikamtunuku udaktari wa heshima.

Kwa anayetaka kumsikiliza, Dusk ndiyo mlango rahisi. Point of Departure ifuate baadaye, tena kwa spika za masikioni, maana kwenye spika ya simu besi ya Richard Davis inapotea.