Sikukuu, Mkonge na Soko la Hisa

Wiki hii nataka tuzungumze juu ya jambo ambalo wengi wetu hulikumbuka pale tu linapotubana: siku ambazo soko la hisa hufungwa kwa sababu ya sikukuu. Utaniuliza, hayo yanahusiana nini na Handeni na Korogwe, wilaya ambazo hazina soko la hisa? Yanahusiana sana, tena uhusiano wenyewe ni mkongwe kuliko Soko la Hisa la Dar es Salaam.

Mkonge ndio chanzo. Katika miche aliyoileta Dakta Richard Hindorf mwaka 1893 ilipona 62 tu, ikapandwa upande wa Pangani. Reli kutoka Tanga ilifika Korogwe mwaka 1902, na mashamba yakaenea: Ngombezi, Magunga, Mwelya, Magoma, hata Kabuku upande wa Handeni. Mengi yalikuwa ya makampuni, na hisa za baadhi ya makampuni ya mkonge ya Tanganyika zilinunuliwa na kuuzwa London. Jani lilikatwa hapa, thamani ya shamba ikatajwa kule, na watu wenye kalenda yao.

Kalenda hiyo nayo ina hadithi yake. Benki Kuu ya Uingereza ilikuwa ikifunga milango siku kama 33 kwa mwaka kwa heshima ya watakatifu mbalimbali. Mwaka 1834 siku hizo zikafyekwa, zikabaki nne: Ijumaa Kuu, Krismasi, tarehe 1 Mei na tarehe 1 Novemba. Mwaka 1871 Bunge lao likapitisha sheria ya sikukuu za mabenki, ikaingizwa Jumatatu ya Pasaka na siku inayofuata Krismasi. Sheria ile haikuwa ya kupumzisha watu tu. Ilieleza pia kwamba hati ya malipo iliyoiva siku ya sikukuu italipwa siku inayofuata. Hapo ndipo penye kiini cha mazungumzo yetu, kwani soko la hisa bila benki ni soko la maneno matupu. Unaweza kukubaliana bei, lakini nani atakulipa?

Sasa mtazame mkata mkonge wa Korogwe wakati huo. Yeye alikuwa na kipande, kadi ya siku 30 za kazi. Siku aliyofanya kazi ilitiwa alama. Siku asiyofanya, iwe ya ugonjwa au ya Idi, haikutiwa, na ujira ulisubiri mpaka kipande kijae. Mwenye hisa London aliposherehekea Pasaka alicheleweshewa fedha zake kidogo, lakini hisa zake zilibaki pale pale. Manamba aliposherehekea, siku yake ilipotea. Mimi naona tofauti hiyo inaeleza ukoloni vizuri kuliko hotuba nyingi.

Kuna mara moja ambapo soko la London lilifungwa bila sikukuu yoyote. Lilifungwa tarehe 31 Julai 1914 kwa sababu ya vita, likafunguliwa tarehe 4 Januari 1915. Katikati ya miezi hiyo, mwanzoni mwa Novemba, Waingereza walishambulia Tanga, na askari wa Kijerumani wakateremshwa kwa treni kutoka Moshi, wakipita Korogwe hiyo hiyo, wakaenda kuwarudisha baharini.

Baada ya Azimio la Arusha la mwaka 1967 Serikali iliyachukua mashamba mengi ya mkonge, na kwa miaka thelathini hivi habari za hisa zikawa za vitabuni. Soko letu la Dar es Salaam lilianza biashara tarehe 15 Aprili 1998, kampuni ya kwanza ikiwa TOL. Mwaka 2008 Serikali ilipouza sehemu ya hisa zake za benki ya NMB kwa shilingi 600 kila moja, watu wa wilayani nao wakanunua.

Mmoja wao ni mzee wangu mmoja wa Handeni, mwalimu mstaafu. Aliuza hisa zake Alhamisi, tarehe 6 Aprili 2023, apate fedha za matibabu ya mkewe. Kanuni ni kwamba malipo hukamilika siku ya tatu ya kazi baada ya mauzo, naye akahesabu vidoleni: Ijumaa, Jumatatu, Jumanne. Lakini Ijumaa ile ilikuwa Ijumaa Kuu na Siku ya Karume kwa pamoja, na Jumatatu ilikuwa ya Pasaka. Hesabu ikaanzia Jumanne, malipo yakaangukia Alhamisi ya tarehe 13. "Mwanangu," aliniambia kwenye simu, "kumbe hata fedha huenda likizo?" Ilibidi tukope kwa jirani.

Pasaka angalau hujulikana mapema. Idi hungoja mwezi uandame, na dalali wa hisa hana ruhusa ya kuuona mwezi kabla ya wengine. Ziko pia siku zinazotangazwa kwa shughuli maalumu, kama ile ya Sensa, tarehe 23 Agosti 2022, iliyokuwa Jumanne. Hata majirani hatufanani: tarehe 26 Aprili sisi tunaadhimisha Muungano na Nairobi wanafanya biashara, tarehe 20 Oktoba wao wamefunga, sisi tuko kazini. Benki ya KCB ina hisa zilizoorodheshwa kote kuwili, kwa hiyo siku kama hizo bei yake husogea upande mmoja na upande wa pili hulala.

Linalonikera ni hili. Sisi wa Dar es Salaam tunakwenda Korogwe na Handeni wakati wa sikukuu. Ndipo ukoo hukutana, mirathi ikagawanywa, ikaamuliwa hisa za marehemu ziuzwe au zibaki. Siku hizo hizo soko limefungwa, benki imefungwa, na dalali yuko kwao. Tukirudi mjini Jumanne, wazee wanabaki na karatasi wasizojua zipelekwe wapi. Basi kabla hujapanda basi kwenda kula Idi, mpigie dalali wako umuulize ni hati gani za mirathi zinazotakiwa, ili ziwasainishe wazee wakiwa bado wamekaa pamoja mkekani.