Kusadikika ilikuwepo kabla ya The Hunger Games

Nimekuwa kimya, si mnajua tena mambo ya UE. Sasa mitihani imeisha, hosteli nusu tupu, na mie badala ya kulala nashinda maktaba nikifukuzia swali moja nililopigiwa simu na mdogo wangu aliyeko kidato cha tatu huko Nkwenda, Kyerwa. Swali lenyewe: "Kwa nini sisi Waswahili hatuna vitabu kama The Hunger Games?" Mwenzao mmoja alirudi na kitabu hicho kutoka Mwanza, kikazunguka darasani mpaka jalada likatoka. Filamu walishaiona zamani banda la video, ile iliyotafsiriwa na ma-DJ. Sasa wanataka kingine cha aina hiyo, na mimi ndiye "msomi wa chuo" ninayetegemewa kuwaambia wasome nini.

Nilitaka kumjibu fasta kwamba tunavyo. Halafu nikaona jibu lenyewe lina historia ndefu.

Kwa asiyekijua, kitabu hicho ni cha Mmarekani Suzanne Collins, kilitoka 2008, na filamu ikafuata 2012. Kuna nchi inaitwa Panem, ina mji mkuu unaokula na kusaza, na wilaya 12 zinazoulisha. Kila wilaya ina zao lake au kazi yake: hii makaa ya mawe, ile samaki, nyingine nafaka. Na kila mwaka kila wilaya inatoa mtoto wa kiume na wa kike wakauane mbele ya kamera. Dogo akaniambia kwenye simu, "Kwa hiyo sisi si ndiyo wilaya ya kahawa?" Nilicheka, lakini baadaye nikaona hajatania. Huyu ni mtoto aliyekulia kwenye mibuni asiyeona mtu akinywa kahawa nyumbani, na anaijua vizuri butura, ile biashara ya mkulima mwenye shida kuuza kahawa ikingali maua, kwa bei ya kutupa. Na wilaya yake yenyewe, Kyerwa, imemegwa kutoka Karagwe mwaka huohuo wa 2012. Basi neno "wilaya" kwenye kitabu kile halimpiti hivihivi.

Nianzie mbali kidogo, Karagwe yenyewe, maana kabla hatujaanza kusoma nchi za ajabu za wenzetu, sisi ndio tulikuwa nchi ya ajabu kwenye vitabu vyao. Novemba 1861 Speke na Grant walifika kwa mfalme Rumanyika, Bweranyange, wakapokelewa vizuri sana. Grant mguu ulimuuma akabaki Karagwe miezi kadhaa. Kitabu cha Speke kilitoka Uingereza 1863, na kati ya mambo yaliyowashangaza wasomaji wa kule ni wanawake wa ukoo wa mfalme walionenepeshwa kwa maziwa. Bwana yule alifikia hatua ya kumpima mmoja wao kwa futi, mkono, paja, kila kitu! Ndizo zama za hadithi za Wazungu za nchi zilizofichika ndani ya Afrika. Rider Haggard akaandika King Solomon's Mines mwaka 1885, na sisi tukaletewa kwa Kiswahili, Mashimo ya Mfalme Sulemani, mwaka 1929. Safari za Gulliver nazo zikaja 1932. Yaani riwaya za mwanzo za nchi za kubuni walizosoma babu zetu shuleni zilikuwa za tafsiri, na nyingine kati yake Afrika yenyewe ndiyo iliyokuwa sehemu ya maajabu.

Si kwamba hatukuwa na za kwetu. Huko Kagera wazee husimulia habari za Wamara, mfalme wa Bachwezi, aliyeshuka chini ya ardhi hadi kwa Kintu, akarudi na ng'ombe na mbegu, akasahau kushukuru, ndipo Kifo kikatumwa kumfuata. Safari ya dunia nyingine, mali ngeni, halafu janga linalokuja nyuma ya mali hiyo. Mtu wa leo ukimvalisha Wamara nguo za mwanaanga, riwaya ya kisayansi unayo.

Aliyegeuza mambo kwenye maandishi ni Shaaban Robert. Kusadikika ilichapishwa 1951, tukiwa bado chini ya Mwingereza, na mwandishi mwenyewe karani wa serikali hiyohiyo. Kusadikika ni nchi iliyoko angani. Humo kijana Karama anashitakiwa na Waziri Majivuno kwa kosa la kutaka watu wafundishwe sheria. Anajitetea kwa kusimulia habari za wajumbe sita waliotumwa pande zote, mpaka ardhini na mbinguni, wakarudi na mawazo mazuri ya kuijenga nchi, na kila mmoja akatupwa jela. Hebu fikiria: ukiitaja Tanganyika unaitiwa polisi, ukiipeleka nchi hewani nani atakukamata? Hiyo ndiyo kazi ya riwaya hizi tangu zamani, na kina Collins wanaifanya hivyohivyo.

Kufikirika ndiyo inayonigusa zaidi kama mwalimu mtarajiwa. Iliandikwa miaka ya 1940 lakini ikachapishwa 1967, mwandishi akiwa ameshafariki tangu 1962. Waliosoma Kiswahili kidato cha tano na sita wanaikumbuka, ilikuwa kitabu teule kwa miaka mingi, na wengi wetu tuliikariri kwa ajili ya "jadili dhamira" tukaimaliza bila kuisoma. Mfalme ana kila kitu ila mtoto. Anaita makundi sita ya waganga, mtoto anapatikana, anawekewa mwalimu. Mwalimu anaona mtoto haelewi kwa kukaa tu, anaingiza michezo kwenye masomo. Anafukuzwa kazi! Baadaye mtoto anaugua na watabiri wanasema dawa ni kafara ya watu wawili, mjinga mmoja na mwerevu mmoja. Serikali nzima inaanza kusaka watu wa kuchinja kwa amri iliyoandikwa vizuri kabisa, na mihuri juu. Nilipokuwa TP nilikaa ofisi ya walimu nikisikia mwenzangu akisemwa kwa sababu darasa lake lina kelele za mchezo. Nikamkumbuka mwalimu wa Kufikirika. Kwa hiyo msiniambie ni kitabu cha kizee.

Mwaka huohuo wa 1967, mwaka wa Azimio la Arusha, ikatoka pia Shamba la Wanyama, tafsiri ya Fortunatus Kawegere ya kitabu cha Orwell, kupitia East African Publishing House ya Nairobi. Mwaka mmoja, vitabu viwili, kimoja kinamcheka mfalme na kingine kinawacheka waliompindua bwana wao. Sijaona mwaka mwingine uliotupa bahati kama hiyo.

Baada ya hapo niruke. Kezilahabi, wa Ukerewe ng'ambo ya ziwa letu, alitoa Nagona 1990 na Mzingile 1991. Ni dunia ya magofu na vitendawili. Jamani ni vitabu vikubwa, lakini ukimpa mtoto wa kidato cha tatu atakuchukia wewe na riwaya zote. Babu Alipofufuka ya Said Ahmed Mohamed (2001) ni rahisi kidogo: marehemu babu anarudi kumtembeza mjukuu wake, mkubwa serikalini, aone nchi ilivyoharibika.

Ninachokililia ni Walenisi ya Katama Mkangi, 1995. Mkenya huyu alikuwa mwalimu wa sosholojia Chuo Kikuu cha Nairobi, aliwekwa kizuizini 1986 enzi za Moi. Riwaya yake inaanza na hukumu. Dzombo amehukumiwa kifo, na kifo chenyewe si kamba wala risasi: anafungiwa ndani ya chombo na kurushwa angani. Waliotangulia hawakurudi. Yeye anahangaika na mitambo humo ndani mpaka anajua kukiendesha, anakituliza kwenye nchi ya Walenisi, ambako watu wanaishi kwa usawa. Tamka jina hilo polepole: wale ni sisi. Sasa niambie, hiyo si riwaya ya kisayansi ya kumkosesha kijana usingizi? Kesi, chombo cha angani, sayari mpya, vyote vimo, na Kiswahili chake kina chumvi.

Hata hivyo dogo ana hoja, na mimi siwezi kumzima kwa orodha. Karama na Dzombo ni wanaume, na ni watu wazima wenye hotuba ndefu. Katniss ana miaka 16. Baba yake amekufa mgodini, mama amekata tamaa, yeye ndiye anayetafuta chakula cha mdogo wake. Hiyo ni nyumba inayoendeshwa na mtoto, na hakuna mkoa wa nchi hii uliozijua nyumba hizo kama Kagera. Ukimwi ulipogunduliwa kwetu 1983 watu waliuita Juliana, jina la nguo zilizokuwa kwenye fasheni wakati huo. Ukaondoka na wazazi, wakabaki bibi na wajukuu, na kwingine wajukuu peke yao. 1994 wakaja wakimbizi wa Rwanda, Ngara na Karagwe yetu, watoto wakitembea bila watu wao. Ugonjwa wenye jina la nguo! Mwandishi wa Marekani angekaa mwaka mzima kubuni kitu hicho. Sisi tulikiishi, na binti wa miaka 16 aliyelea wadogo zake Karagwe mwaka 1990 hana riwaya ya Kiswahili yenye mvuto wa kumkosesha mtu usingizi.

Lugha nayo. Vijana wetu wanatoka la saba wanaingia kidato cha kwanza karibu masomo yote Kiingereza. Wengi wanamfuata Katniss kwa kubahatisha, filamu ndiyo inawasaidia. Ilipokuja Tuzo ya Burt ya vitabu vya vijana, waandishi wetu walijitahidi, ila vitabu vyenyewe vilitakiwa viwe vya Kiingereza. Nia nilielewa, lakini aliyekosa ni yuleyule wa Nkwenda anayetaka kusoma bila kamusi mkononi.

Kwa hiyo nimempangia hivi. Aanze na Shamba la Wanyama, kafupi na wanyama wake anawajua. Kisha Kusadikika, akiruka hotuba zikimchosha, nimempa ruhusa. Kisha Walenisi. Kufikirika asubiri kidato cha tano, na nimemwambia aisome kabla mwalimu hajaigeuza swali la mtihani. Viwili vya kwanza nimeshavipata kwa wauza vitabu vilivyotumika. Walenisi ninayosoma ni ya maktaba, haitoki nje, na nakala ya kununua nimeikosa mjini kote. Mwenye nayo, hata isiyo na jalada, anitafute. Ijumaa kuna mtu anapanda basi la Karagwe na amekubali kubeba.