Kipande, Kodi na Mumiani: Shaka ya Raia katika Msamiati wa Kiswahili cha Kenya

Kitambulisho ni neno la ofisini. Limo katika fomu, katika matangazo ya redio, na katika mabango yanayobandikwa penye ofisi za machifu. Lakini mtu aliyetoka kujiandikisha, akiulizwa na jirani yake alikuwa wapi, aghalabu hujibu kwamba alikwenda kufuata kipande. Mwenye kujibu hivyo huenda akawa kijana aliyezaliwa miaka mingi baada ya kipande chenyewe kufutwa kisheria. Hajapata kukiona, na huenda hata baba yake hakukivaa. Neno limemfikia bila ya kitu chake.

Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba maneno kadhaa ya Kiswahili cha Kenya yamehifadhi shaka ya raia juu ya amri, kodi na mitambo iliyoletwa na serikali. Na kwamba shaka hiyo, ambayo maofisa wa kikoloni walipenda kuiita ujinga, mara nyingi ilikuwa ni hesabu iliyopigwa juu ya mambo yaliyokwisha tendeka.

Inafaa kuanza na kodi. Katika mwaka 1901 reli iliyoanzwa Mombasa mwaka 1896 ilifika Ziwa Viktoria. Na katika mwaka huohuo kanuni za kodi ya vibanda zilitangazwa. Basi kwa watu wengi wa bara, gari la moshi na mtoza kodi ni wageni wa zama moja. Sasa, neno kodi katika Kiswahili lina maana mbili ambazo lugha nyingine huzitenga: ni malipo anayopewa mwenye nyumba na mpangaji wake, na ni malipo anayotozwa raia na dola. Hata leo, mtu wa Nairobi asemapo kodi ya nyumba, msikilizaji huelewa kuwa ni ile ya mwisho wa mwezi. Serikali ilipomwendea mtu aliyekata miti yake mwenyewe, akakandika udongo na kuezeka kwa mikono yake, ikamtaka alipe kodi ya nyumba, lugha yenyewe ilikuwa imekwisha kumpa swali: je, mwenye nyumba ni nani? Swali hilo halikuwa la utani. Miaka michache baadaye sheria za ardhi za koloni zililijibu, na jibu halikumpendeza.

Mwaka 1910 ikaongezwa kodi ya kichwa kwa wanaume wasiotozwa kodi ya kibanda. Kwamba kusudi la kodi hizi lilikuwa kuwasukuma watu wakatafute kazi ya mshahara katika mashamba ya walowezi, jambo hilo halikufichwa sana. Walowezi walilisema hadharani, na maofisa kadhaa wakaliunga mkono. Kwa hiyo mlipaji aliyeshuku kuwa fedha yake haitakiwi kwa ajili ya barabara na zahanati bali yeye mwenyewe anatakiwa shambani, hakuwa amekosea.

Kipande kinastahili maelezo marefu zaidi. Katika lugha ya kawaida kipande ni sehemu ya kitu kilichokatwa: kipande cha nguo, cha mkate, cha ardhi. Kutoka hapo neno likaingia kazini. Katika mashamba ya Tanganyika, tangu wakati wa Wajerumani, kipande kilikuwa kadi ya siku 30 za kazi. Kila siku iliyotimizwa ilitiwa alama, na malipo yalingoja siku zitimie. Nchini Kenya sheria ya kuwaandikisha wenyeji ilipitishwa mwaka 1915, ikacheleweshwa na vita, ikaanza kutekelezwa kati ya 1919 na 1920. Kila mwanamume Mwafrika wa umri wa miaka 16 na kuendelea alitakiwa kuchukua cheti chenye jina lake, kabila lake na alama za vidole vyake, pamoja na nafasi za kuandikwa jina la mwajiri, mshahara, tarehe ya kuanza kazi na tarehe ya kuachishwa. Asiyetiwa saini ya kuachishwa hakuweza kuajiriwa kwingine kihalali. Akionekana njiani bila cheti alipigwa faini au kufungwa.

Cheti hicho kiliwekwa katika kijaluba cha bati kilichotundikwa shingoni kwa kamba. Wagikuyu walikiita mbugi, yaani kengele ya mbuzi. Tofauti ya majina haya mawili inafaa kuangaliwa na mwanaisimu. Mbugi ni tusi lililo wazi, linamweleza mvaaji namna anavyotazamwa na mwenye kundi. Kipande halina tusi ndani yake; ni neno la kupima na kugawa, ambalo waajiri wenyewe walilitumia bila haya. Hata hivyo ni hili, lisilo na tusi, lililoishi na kuvuka makabila yote, likachukua uchungu wote ambao mbugi ilikuwa imeueleza. Yaelekea neno baridi hudumu kuliko neno kali, kwa kuwa linaweza kutamkwa mbele ya karani bila ya kumtia msemaji mashakani.

Katika mwaka 1921 walowezi walikubaliana kupunguza mishahara kwa theluthi moja, wakati kodi ilikuwa imepandishwa hadi kufikia shilingi 16. Tena fedha yenyewe ilikuwa ikibadilika mikononi: rupia iliondolewa, ikaja florini mwaka 1920, na muda mfupi baadaye florini nayo ikaipisha shilingi. Hapana ajabu ikiwa matangazo ya thamani ya fedha yalisikilizwa kwa sikio moja.

Ndipo akatokea Harry Thuku. Katika maandishi ya utawala wa wakati ule upinzani wa kipande na kodi huelezwa kana kwamba ni hofu ya watu wasiojua mambo ya kisasa. Lakini Thuku aliwahi kupanga herufi katika kiwanda cha gazeti, na wakati alipounda chama chake mwaka 1921 alikuwa mwendesha simu katika ofisi ya Hazina mjini Nairobi. Malalamiko ya wenziwe aliyapeleka London kwa telegramu. Kama kulikuwa na Mwafrika aliyezijua nyaya za serikali zinavyofanya kazi, na hesabu za Hazina zinavyopita ndani yake, basi ni yeye. Alikamatwa tarehe 14 Machi 1922. Siku mbili baadaye umati uliokusanyika penye kituo cha polisi ukapigwa risasi, na kwa hesabu ya serikali yenyewe watu 21 walikufa, miongoni mwao Mary Muthoni Nyanjiru aliyewahimiza wanaume wasirudi nyuma. Thuku alipelekwa Kismayu, asirudishwe mpaka miaka ya 1930. Kodi ilishushwa hadi shilingi 12. Kipande kilibaki.

Mfano wa Ukambani unafanana na huo. Mwaka 1938 serikali iliwalazimisha Wakamba kupunguza ng'ombe wao, kwa hoja ya kitaalamu kwamba ardhi ilikuwa inamomonyoka kwa wingi wa mifugo. Hoja haikuwa ya uongo. Mmomonyoko ulionekana kwa macho. Lakini wenye ng'ombe waliona pia kiwanda cha nyama cha Liebig kilichojengwa Athi River, kilichohitaji ng'ombe wengi kwa bei ndogo, na wakajua kuwa ardhi yao ilikuwa imebanwa na mipaka iliyowekwa na serikali hiyohiyo. Wakiongozwa na Muindi Mbingu, wanaume, wanawake na watoto walikwenda Nairobi, wakakaa huko kwa majuma kadhaa wakitaka kusikilizwa na Gavana. Muindi alikamatwa na kupelekwa Lamu, lakini kabla ya mwaka kwisha ulazima wa kuuza ng'ombe ulikuwa umeondolewa. Walichokikataa hapa ni kutumiwa kwa elimu ya udongo kufunika biashara. Elimu yenyewe hawakuikana.

Maneno mawili ya utawala wa siku zile yaeleza kwa nini shaka ya namna hii haikupata mahali pa kusemewa. Baraza, huko pwani, ni kibao cha mawe mbele ya nyumba ambapo wanaume hukaa jioni wakazungumza; kila mmoja ana zamu yake. Bara likawa mkutano ambao ofisa husimama akasoma amri na watu wakasikiliza. Shauri nalo, ambalo asili yake ya Kiarabu ni kutaka rai ya mwenzio, likawa kesi na amri; Mkuu wa Wilaya akaitwa Bwana Shauri, na mtu aliyekata tamaa akasema kuwa jambo hili ni shauri ya serikali, maana yake lisiulizwe zaidi. Maneno ya mazungumzo yalipogeuzwa hivyo, mazungumzo yenyewe yalikwenda kutafuta makao mengine.

Makao mojawapo yalikuwa uvumi. Mumiani hapo kwanza ni dawa: kitu cheusi kama gundi kilicholetwa pwani kutoka Uajemi na Bara Hindi, na jina lake ni la Kiajemi. Watu wa pwani wengi waliamini kuwa hutengenezwa kwa damu ya binadamu. Katika karne ya 20 neno likahama kutoka dawa hadi kwa mtu anayeitafuta damu hiyo, na baina ya vita vikuu viwili likawaangukia wazima moto. Kutoka Nairobi hadi Kampala ilisemwa kuwa gari jekundu hukamata watu usiku na kuwanyonya damu. Katika Katanga uvumi wa jamii hiyo uliwahusu batumbula. Luise White, katika kitabu chake cha mwaka 2000 juu ya jambo hili, alishauri kwamba uvumi huo usomwe kama maelezo ya watu juu ya kazi, mitambo na madaraka ya kikoloni, badala ya kupimwa kwa ukweli wake tu. Ushauri huo ni mwema, nao umefungua mlango uliokuwa umefungwa. Mtu aliyeona kikosi chenye sare na mipira mirefu, kikikesha kikingoja moto usiotokea, alikuwa na haki ya kuuliza kikosi hicho chalipwa kwa kazi gani, na kwa fedha ya nani.

Hata hivyo wanafunzi wa White wakati mwingine hupita mpaka. Uvumi wa mumiani ulikuwa uongo, na uongo huo uliweza kumgeukia mtu asiye na hatia, kama vile mzima moto Mwafrika aliyekuwa akitafuta mkate wake kama wengine. Shaka ya Thuku iliyohesabu shilingi, na shaka iliyomwona jirani kuwa mnyonya damu, si kitu kimoja, ijapokuwa zilitoka katika udongo mmoja. Mwanahistoria anayeziweka katika kapu moja, ama kwa kuzidharau zote kama maofisa, ama kwa kuzitukuza zote, hajafanya kazi yake.

Ushahidi ulio mkubwa kuliko wote kwamba shaka si dada wa ujinga umo katika mwisho wa kipande chenyewe. Mwaka 1947 sheria mpya ilitaka watu wa jamii zote waandikishwe na kutoa alama za vidole. Walowezi wa Kizungu, ambao kwa miaka karibu 30 waliona alama za vidole kuwa jambo jema la maendeleo, sasa waliona ni fedheha kutendewa kama wahalifu. Walifanya mikutano, wakalalamika, mpaka ikaundwa tume ya Bertrand Glancy. Na baada ya taarifa yake ya mwaka 1950, mtu aliyejua Kiingereza cha kutosha kujaza fomu aliruhusiwa kutoa picha na saini badala ya vidole. Methali ya aliyeumwa na nyoka kushtuka akiona unyasi hutumiwa mara nyingi kuwacheka raia waoga. Walowezi hawa walishtuka kabla ya kuumwa, na hakuna ofisa aliyewaita wajinga.

Baada ya uhuru wa 1963 jina rasmi likawa kitambulisho, na mwishoni mwa miaka ya 1970 sheria ikawaingiza wanawake. Katika mwaka 1989 Wakenya wa asili ya Kisomali walichujwa peke yao na kupewa kadi ya ziada ya rangi ya waridi. Kwao, na kwa Wanubi wa Kibera waliozoea kuhojiwa na kamati kabla ya kupewa cheti, neno kipande halikuwa kumbukumbu ya mababu. Ni katika miaka hii pia ambapo utani wa siri kali ulizidi kusikika. Serikali, kwa asili, ni neno la Kiajemi lililopitia Bara Hindi, lenye sehemu mbili, kichwa na kazi. (Kwamba hivyo viwili ndivyo hasa vilivyotozwa na kipande na kodi ya kichwa ni sadfa tu, lakini ni sadfa ya kuchekesha.) Msemaji wa mitaani halijui hilo, naye hulikata neno upya kwa visu vyake mwenyewe: siri, kisha kali. Mwanaisimu atasema uchanganuzi huo ni wa makosa, na atakuwa amesema kweli. Bali utani huo umeenea kwa sababu wasikilizaji hawahitaji kuelezwa.

Dola nayo imejifunza kuchagua maneno. Uandikishaji wa mwaka 2019 uliitwa Huduma Namba, na ule ulioanzishwa mwaka 2023 ukaitwa Maisha Namba. Hapana mtu awezaye kuchukia huduma au maisha. Lakini watu walipotakiwa kutoa vidole vyao kwa mashine mpya ya kidijitali, walikuwapo waliosema kwamba hiyo ni namba ya mnyama iliyotajwa katika kitabu cha Ufunuo, na walikuwapo waliouliza habari zao zitatunzwa wapi, na nani. Wa kwanza walichekwa magazetini. Wa pili, wakiwamo viongozi wa jumuiya ya Wanubi, walikwenda Mahakama Kuu, ambayo katika Januari 2020 ilizuia kuchukuliwa kwa vinasaba na mahali halisi pa makazi ya mtu, na ikataka mpango usiendelee bila ya kanuni za kutosha. Katika Oktoba 2021 mahakama hiyo ilitamka kuwa utoaji wa kadi ulikuwa batili, kwa sababu serikali haikuwa imepima kwanza madhara ya mpango huo kwa habari za watu kama itakavyo sheria ya kulinda habari hizo. Sheria yenyewe ilipitishwa Novemba 2019. Vidole vilikuwa vimekwisha chukuliwa Aprili na Mei.