Umbo la Mistari ya Spektra

Mstari wa spektra ni mwanga wa rangi mahususi ambao atomu, molekuli au ioni huutoa au kuufyonza inapohama ngazi ya nishati. Ukichorwa kwenye grafu huwa kilima, na umbo la kilima hicho hueleza hali ya chembe zenyewe.

Mfano upo Kariakoo. Maji ya chumvi yakifurika kutoka kwenye sufuria ya mama lishe na kugusa mwali wa buluu wa jiko la gesi, mwali hugeuka manjano. Hiyo ni sodiamu, yenye mistari miwili: nanometa 589.0 na 589.6.

Vyanzo vya upana

Upana wa asili: elektroni ya sodiamu hudumu ngazi ya juu kwa nanosekunde 16 tu. Kwa ufupi huo wa muda, mstari hupata upana wa megahezi 10 hivi, kwa umbo la Lorentz, kilima chenye mikia mirefu.

Upana wa Doppler: honi ya bodaboda inayokuja Mtaa wa Msimbazi husikika kali, na ikishapita huwa nzito. Mwanga wa atomu zinazokimbia huku na huko hubadilika vivyo hivyo. Katika joto la kelvini 2,000, upana huzidi gigahezi 3, kwa umbo la Gauss, lenye sura ya kengele.

Migongano: hukatiza utoaji wa mwanga na kupanua umbo la Lorentz. Maumbo ya Lorentz na Gauss yakichangamana, huzaa umbo la Voigt.

Ioni zilizonaswa

Mtego wa Wolfgang Paul, mshindi wa Nobeli ya mwaka 1989, huzishika ioni katika ombwe kwa uga wa umeme unaobadilika haraka, na migongano hupungua mno. Ioni ya molekuli HD⁺, yenye hidrojeni na deuteri, haipozwi kwa leza moja kwa moja. Hupozwa na ioni za beriliamu zinazopigwa leza ya nanometa 313, hadi sehemu chache za elfu za kelvini. Upana wa Doppler hupungua sana. Hata hivyo, HD⁺ hugunduliwa kwa kuvunjwa na leza: ioni zikipigwa muda mrefu mno, karibu zote huisha na kilele cha kilima hubapa.

Mwaka 2020, watafiti wa Amsterdam waliipima HD⁺ kwa leza mbili zinazokabiliana, ili athari za Doppler zifutane. Kipimo hicho kilitoa uwiano wa tungamo la protoni kwa elektroni, takriban 1836.15. Kitovu cha mstari ndicho kinachobeba thamani hiyo. Asiyelielewa umbo hukiweka kitovu mahali pasipo pake.