Bomba lipi?

Neno bomba tulilipokea kutoka kwa Wareno, ambao kwao ni mashine ya kusukuma maji. Sisi tukalitwika mengi: bomba la moshi, bomba la sindano, maji ya bomba, fundi bomba. Vijana nao wakaongeza wimbo bomba. Mtaani hakuna anayepotea. Lakini mwite fundi akufungie tangi la matumbawe sebuleni, umwambie "bomba lisizame sana", uone atakavyokukodolea macho. Mrija au mashine?

Kosa hapo lina gharama. Katika tangi la namna hiyo maji hushuka yenyewe hadi tangi la chini, huchujwa, kisha mashine huyarudisha juu. Umeme ukikatika, mrija wa kurudishia uliozama mno huanza kunyonya: maji hurudi chini mpaka mdomo wake upate hewa, na tangi la chini likifurika, zulia ndilo linaloyapokea. Mafundi hutoboa tundu dogo kwenye mrija, chini kidogo ya usawa wa maji, ili uvute hewa mapema. (Tundu hilo lisafishwe mara kwa mara, mwani na konokono hulipenda.) Koki za shaba zisikaribie kabisa, maana shaba huua matumbawe. Funga za plastiki.

Mimi nashika msimamo huu: mashine ni pampu, bomba ni njia ya maji. Ukiandika oda ya vifaa, yatenganishe hayo mawili.