Kitabu cha Kituoni

Sisi wa Kisawasawa tunakaa kwenye njia ya watu. Anayetoka Mahenge na vito vyake, akishavuka mto Kilombero na kuziacha Ifakara na Kiberege, lazima apite kwetu ndipo aitafute Kidatu, Mikumi, hatimaye Dar es Salaam. Ndiyo maana wafanyabiashara wa madini si wageni kwetu, hata kama majina yao hatuyajui. Na ndiyo maana kisa cha Januari 2006 mimi nakihesabu kuwa historia yetu, wala si habari ya mjini tu.

Tarehe 14 mwezi huo, wafanyabiashara watatu wa madini kutoka Mahenge, pamoja na dereva wa teksi, walikamatwa na polisi Sinza, Dar es Salaam. Hawakuonekana tena wakiwa hai. Maelezo ya polisi yalikuwa mafupi: hao ni majambazi, wameuawa katika kurushiana risasi. Basi, limekwisha!

Ndugu msomaji, wewe unayejifunza kuandika kama mimi, hebu ipime nguvu ya sentensi hiyo. Ikishaandikwa kituoni, gazeti linaichukua, redio inaisoma, na jirani anaanza kunong'ona: kumbe yule bwana fedha zake zilikuwa za wizi! Marehemu hana mdomo wa kujibu. Mjane anabaki na aibu isiyokuwa yake, na watoto wanaitwa watoto wa jambazi.

Ndugu wa marehemu walikataa kunyamaza. Rais Jakaya Kikwete, aliyekuwa ndiyo kwanza ameingia madarakani, aliunda tume chini ya Jaji Mussa Kipenka. Tume ikasema watu wale hawakuwa majambazi na hapakuwa na kurushiana risasi kokote. Polisi kadhaa wakashtakiwa, akiwemo Abdallah Zombe, mmoja wa wakubwa wa polisi jijini. Tarehe 17 Agosti 2009, Jaji Salum Massati wa Mahakama Kuu aliwaachia huru washtakiwa, lakini alisema wazi kwamba waliouawa hawakuwa majambazi na kwamba wauaji watafutwe. Septemba 2016 Mahakama ya Rufani ilimwacha Zombe huru, ikamtia hatiani ofisa mmoja na kumhukumu kunyongwa. Miaka 10 ilikuwa imepita!

Sasa basi, haya yote tumeyajuaje? Tumeyajua kwa sababu mashahidi walisema hadharani na hukumu ziliandikwa, na hukumu ya mahakama mtu yeyote anaweza kuisoma. Kabati la polisi halikujifungua lenyewe. Ilibidi tume iundwe na rais, kisha kesi, kisha rufaa, ili sentensi moja ya uongo ifutwe. Je, yule aliyeuawa kijijini, ambaye hakuundiwa tume, yake inafutwa na nani?

Huku bondeni jambo hili lina mizizi mirefu. Tarehe 30 Agosti 1905 wapiganaji wa Maji Maji waliishambulia boma ya Wajerumani Mahenge, wakafyekwa kwa bombomu. Aliyeandika ripoti ni yule yule aliyeshika bunduki, na katika ripoti hizo babu zetu wanaitwa waasi. Hadi leo anayetaka kuandika habari za vita ile anaanza na makaratasi ya aliyewaua, kisha anatafuta masimulizi ya wazee ya kuyasahihisha. Walau makaratasi hayo yanasomeka. Sheria ya kumbukumbu na nyaraka ya mwaka 2002 iliweka miaka 30 kuwa muda wa kusubiri kabla ya kumbukumbu za umma kufunguliwa. Kwa hesabu hiyo, jalada la mwaka 2006 lingengoja hadi 2036. Mama wa marehemu atakuwepo?

Uhuru tuliupata mwaka 1961, lakini mhuri wa SIRI haukurudi Ulaya pamoja na gavana. Sheria ya Usalama wa Taifa ya mwaka 1970 iliweka kifungo cha hadi miaka 20 kwa kutoa siri za serikali. Haki za binadamu ziliingizwa katika Katiba mwaka 1984, na ibara ya 18 ikagusa haki ya mwananchi kupewa habari. Wasweden walikuwa na sheria ya namna hii tangu 1766. Waganda waliipata 2005, Wakenya Agosti 2016. Bunge letu liliipitisha ya kwetu Septemba 2016, mwezi ule ule wa hukumu ya rufaa.

Sheria hiyo inampa raia haki ya kuomba taarifa kwa maandishi, na ofisi inatakiwa kujibu ndani ya siku 30. Ni hatua. Lakini kuna mlango wa nyuma: taarifa inayoweza kuvuruga uchunguzi inaweza kuzuiwa. Sikatai, upelelezi unaoendelea haufanywi sokoni, na shahidi lazima alindwe. Tatizo ni uchunguzi usiokwisha. Ukinyimwa, unamwomba mkuu wa ofisi hiyo hiyo aangalie upya, kisha unakata rufaa kwa waziri. Yaani unamshtaki ngedere kwa nyani! Na mtumishi atakayetoa taarifa iliyozuiwa anaweza kufungwa miaka 3 hadi 5.

Vijana wenzangu, tunapenda kuandika mapenzi na maisha ya mjini, nami napenda kuyasoma. Lakini kalamu zetu ziende pia mahakamani, mlango uko wazi. Zichukue hukumu na kuzieleza kwa Kiswahili cha watu. Ziandike barua za kuomba taarifa, zihesabu siku 30, na hata jibu la "hapana" zilihifadhi, maana nalo ni kumbukumbu. Jina la mtu wa Mahenge lilichafuliwa kwa mstari mmoja. Kulisafisha kumechukua kurasa nyingi, na bado wapo wengi ambao ukurasa wao wa kwanza haujaandikwa.